Mafunzo Niliyopata Nikiuza Vitabu Visivyo na Karatasi

Kuanzia 1999 hadi 2003 nilifanya kazi katika duka la vitabu nchini Marekani. Ndiyo miaka ambayo kitabu cha kielektroniki kilinadiwa kwa kishindo, kisha kikadoda. Wateja walinifunza haya.

1. Kuazimana ni sehemu ya kusoma. Mteja wetu mmoja, mwalimu mstaafu aliyependa riwaya kupita kiasi, alikishika kifaa cha Rocket eBook, akafurahia kwamba herufi zinaweza kukuzwa, kisha akauliza: akimaliza kitabu, atampaje dada yake? Njia haikuwepo. Faili lilifungwa kwa kufuli lililotambua kifaa kimoja tu, na kitabu cha mashine ya kampuni hii hakikufunguka kwenye mashine ya kampuni ile. Wachapishaji walikuwa na hofu; Napster ilianza 1999, na nyimbo zikaanza kusambaa bure. Hofu yao naielewa, ila mzigo wake alitwishwa msomaji mwaminifu. Sony ilikwenda mbali zaidi: vitabu vya Librié, kifaa kilichotoka Japani mwaka 2004, viliacha kufunguka baada ya siku 60. Skrini yake ya wino wa kielektroniki ilisomeka vizuri hata juani, lakini nani anunue kitabu chenye tarehe ya kufa?

2. Watu hawapendi kulipa kiingilio ndipo waanze kusoma. Rocket eBook ilipotoka 1998 iliuzwa karibu dola 500, ikiwa na uzito unaozidi nusu kilo. Riwaya ya jalada jepesi ilipatikana kwa chini ya dola 10, na ikiangukia majini hasara ni hiyohiyo.

3. Rafu ilikuwa karibu tupu, na chanzo kilikuwa mikataba. Wateja waliulizia waandishi waliowapenda, wakawakosa. Mikataba ya zamani haikutaja kompyuta, hivyo haki ya toleo la kielektroniki ni ya nani? Kampuni ya uchapishaji ya Random House iliishtaki kampuni ya vitabu vya kielektroniki ya RosettaBooks kwa kuuza kazi za waandishi kama Kurt Vonnegut na William Styron kwa njia hiyo. Mwaka 2001 jaji wa New York alikataa kuizuia RosettaBooks. Nadhani uamuzi ule uliwatendea haki waandishi, ingawa haukuijaza rafu kwa haraka.

4. Kiu ya hadithi ilikuwepo. Machi 2000, Stephen King alitoa Riding the Bullet kwa intaneti pekee, bei dola 2.50, na baadhi ya maduka yakaigawa bure. Zaidi ya nakala 400,000 zilichukuliwa ndani ya saa 24. Wengi waliisoma kwenye kompyuta zao za kawaida, bila kifaa chochote cha dola 500.

5. Urahisi una nguvu kuliko nilivyodhani. Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea, ilipotoka Novemba 2007 nayo haikuwa rahisi kwa bei, dola 399. Lakini ilikuja na vitabu zaidi ya 88,000, na kitabu kiliingia kwa mtandao wa simu, bila waya wala kompyuta. Soko likapatikana, na kufuli likabaki palepale. Julai 2009 Amazon ilifuta kwa mbali nakala za 1984 ya George Orwell kutoka kwenye vifaa vya wateja waliokwisha kulipa, kwa kuwa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Walirudishiwa fedha. Mwalimu yule wa dukani kwetu angetaka kitabu chake.