Iendeshe Kwanza, Ndipo Uipambe

Mdogo wangu mmoja anayefundisha shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Shinyanga ameniandikia. Amedunduliza mpaka amenunua baiskeli mpya ya gia, na muuzaji amempa karatasi yenye orodha ya vikorokoro vya kuongezea: keria, madigadi, kikapu, vioo viwili, taa za rangi za kwenye ringi, kava la kiti, honi ya betri, stendi, kishikio cha simu. "Dada," anauliza, "nichukue vyote au nichague? Na je, ni vibaya nikitaka ipendeze?"

Hongera sana, mdogo wangu. Shinyanga ni mji wa baiskeli hasa, mji ambao abiria hukaa kwenye keria yenye mto na kupelekwa aendako, kwa hiyo fundi hutakosa wala kifaa hutakosa. Hofu yangu ni hiyo karatasi ya muuzaji. Chagua. Na hata vile utakavyochagua, usivinunue vyote siku moja.

Siku ya kwanza toka dukani na kengele, taa ya mbele na ya nyuma, kufuli na helmeti. Mengine yasubiri uiendeshe kwanza ikiwa tupu, wiki mbili tatu hivi, kwenda kazini, sokoni na kanisani au msikitini. Njia yako ndiyo itakayokutajia mahitaji yako. Utajua kama mzigo wako ni madaftari ya wanafunzi au dumu la maji, kama unafika nyumbani jua lingalipo au giza limeshaingia, kama viganja vinakufa ganzi, kama gauni linanyemelea mnyororo. Ukiwa umesimama dukani hujui hata moja kati ya hayo, ndiyo maana kila kitu kinaonekana cha lazima.

Nianze na taa, kwa sababu hapo sitaki mzaha. Ya mbele iwe nyeupe, ya nyuma iwe nyekundu. Dereva wa gari usiku anaona rangi kabla hajaona umbo. Ukiweka taa nyeupe nyuma anaweza kudhani unamjia, kumbe mnaelekea upande mmoja. Dinamo ile inayosugua ubavu wa tairi ni nzuri kwa kuwa haidai betri, lakini ukisimama inazimika, na unaposimama kwenye njia panda kusubiri gari lipite ndipo unapohitaji zaidi kuonekana. Ukiwa na dinamo, basi nyuma ongeza taa ndogo ya betri au ya kuchaji. Halafu nakuomba usizing'oe reflekta za kwenye pedali, kama wafanyavyo vijana wengi kwa kuona zinaipa baiskeli utoto. Hizo zina kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu zinapanda na kushuka kadiri miguu inavyozunguka, na jicho la dereva hunasa upesi kitu kinachocheza. Mkanda unaoakisi mwanga ukiufunga kifundoni unafanya kazi hiyo hiyo, na juu yake unazuia suruali isiliwe na mnyororo.

Helmeti ikae sawasawa kichwani, isirudi kisogoni kama kofia ya mapambo. Kati ya ukingo wake na nyusi pawe na nafasi ya vidole viwili, mikanda ikutane chini kidogo ya masikio, na ukiifunga kidevuni kipenye kidole kimoja au viwili tu. Kama unasuka rasta au unavaa hijabu, nenda kaijaribu ukiwa hivyo hivyo, maana ile uliyoipima nywele zikiwa zimelala haitakuingia wiki ijayo. Usinunue ya mtumba. Lile povu gumu la ndani hunyonya pigo kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi. Helmeti iliyowahi kuanguka na mtu inaweza kuonekana nzima huku imekwisha kazi. Hata yako wewe, ikigonga chini na kichwa kikiwa ndani, ibadilishe.

Kufuli la waya mwembamba hukatwa kwa koleo la kawaida. Tafuta mnyororo mnene, uupitishe kwenye fremu na gurudumu pamoja, kisha kwenye nguzo isiyong'oka. Kama magurudumu yako yanafunguliwa kwa kuvuta kijiti kimoja bila spana, mwambie fundi aweke nati za kawaida.

Sasa kiti. Hapa muuzaji anataka kukuuzia kava la jeli, na mimi nataka kwanza ukiweke sawa kile ulicho nacho, kazi isiyokugharimu hata shilingi. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limepinda kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Wanawake wengi tunaendesha kiti kikiwa chini mno kwa sababu tunataka miguu yote ifike ardhini tukiwa tumekaa, kisha tunalalamika magoti. Jizoeze kushuka kitini unaposimama. Ukikipandisha, tazama mstari uliochorwa kwenye bomba la kiti. Mstari huo usionekane nje, la sivyo bomba linaweza kuvunjika au kupasua fremu. Kiti kikae mlalo. Baada ya hapo, kama bado unaumia, badilisha kiti chenyewe: unayeendesha ukiwa umeketi wima unahitaji kipana kidogo chenye springi, kile chembamba ni cha anayeinama mbele. Kava la jeli huteleza, na ukiteleza nalo unachubuka.

Keria ndiyo nitakayoizungumzia zaidi, kwa sababu ndiyo huvunjika na ndiyo huumiza watu. Ziko za namna mbili. Moja hubanwa kwenye bomba la kiti tu na kuning'inia nyuma. Hiyo ni ya mzigo mdogo, kilo 10 hivi. Nyingine ina miguu inayoshuka hadi karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma, na nyingi za aluminiamu za aina hiyo zimegongwa alama ya kilo 25. Tafuta alama hiyo kabla hujalipa. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20, basi mawili ni 40, na keria ya kilo 25 haitakuonea huruma katikati ya njia. Kama maji ndiyo kazi ya kila siku, nenda kwenye keria ya chuma ya fito nene kama zile za Phoenix na Hero, fundi akuchomelee miguu ifike chini. Nimesikia pia kwamba baiskeli yako ina shokapu mbele. Hilo halina tatizo. Ila kama kuna msomaji mwingine ambaye bado hajanunua na anataka kubeba mizigo, aiache ile yenye shokapu hata nyuma. Sehemu ya nyuma ya fremu inacheza, keria haipati mahali pa kushika imara, na shokapu yenyewe hulala chini ya mzigo.

Mzigo utaufunga kwa mpira wa tyubu kuukuu, kama kila mtu, na hakuna kamba iliyo bora kuliko huo. Lakini uangalie mwisho wake. Ncha iliyobaki ikiachwa inaning'inia hushuka taratibu kwa mtikisiko, hushikwa na spoku, na gurudumu la nyuma husimama ghafla. Ncha irudishwe, ipenyezwe chini ya mzunguko wa mwisho, kisha uivute uone kama imeshika.

Na mtoto? Hujaniuliza, lakini umetaja kwamba utampeleka mwanao chekechea, na hapo moyo wangu umeruka. Mtoto akikalishwa kwenye keria bila pa kukanyagia, miguu yake huning'inia usawa wa spoku. Akisinzia au akigeuka kuangalia kitu, kisigino kinaingia. Gurudumu huchuna ngozi ya kisigino na kifundo, na wakati mwingine mfupa huvunjika. Kidonda cha hapo hupona polepole kwa kuwa ngozi ni nyembamba na haina nyama chini yake. Kwa hiyo kabla mtoto hajapanda hata mara moja, nataka vitu vitatu viwepo. Kiti chake chenye mgongo na mkanda. Vikanyagio, vilivyofungwa kwa urefu wa miguu yake yeye. Na kizuizi pande zote mbili za gurudumu la nyuma, kinachoanzia kwenye keria hadi chini ya ekseli. Kizuizi unaweza kutengenezewa na fundi kwa bati jepesi lililokunjwa kingo, au wavu mgumu wa plastiki uliokazwa kwa waya. Kizuizi hicho hicho kitakuokoa na wewe, kwa sababu ncha ya kanga na pindo la dera hupenda sana spoku. Fedha ya kioo, kikapu na kishikio cha simu ipeleke hapa.

Hukohuko kwenye mtoto, kagua ncha za usukani. Mipira ya mikononi ikichakaa, chuma tupu hutokeza, na mtu akianguka ncha hiyo humchoma tumboni. Mpira mpya ni kitu cha bei ndogo.

Madigadi utayahitaji, lakini si yoyote. Kwenu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na udongo mweusi wa mbugani ukilowa unashika tairi kama ulimbo. Madigadi yaliyobana karibu na tairi hujaa tope mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, ukaishia kuibeba baiskeli mabegani. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya tairi na digadi. Yale ya plastiki ya kubana yanatosha kwa mbele, maana kwenye uma wenye shokapu yale marefu ya bati ni shida kuyafunga. Nyuma weka refu, na mwishoni mwake ning'iniza kipande cha mpira kufunika hadi karibu na ardhi. Kiangazi, adui ni vumbi: mnyororo upake mafuta mepesi kidogo, kisha ufute kwa kitambaa mpaka juu pakauke, maana mafuta yaliyobaki nje hukamata mchanga, na mchanga husaga meno ya gia. Mafuta ya kupikia usithubutu, yanaganda.

Kioo kimoja kinatosha, upande wa kulia, kwa kuwa tunaendesha kushoto na magari yanatupita kulia. Kikapu cha mbele ni kwa ajili ya mkoba na mboga. Mzigo mzito mbele huvuta usukani, na kikapu kikifunika taa itabidi taa ihamie chini. Honi ya betri sioni haja, kengele ya kidole inasikika na haikwishi chaji. Stendi ya pembeni nunua, ila usimwache mtoto juu ya baiskeli iliyoegemezwa kwenye stendi hiyo. Kishikio cha simu mwachie anayefuata ramani. Wewe njia ya shuleni unaijua.

Utakapofika wakati wa kununua tairi au tyubu ya akiba, soma namba zote, si ya kwanza tu. Baiskeli za gia nyingi ni 26 x 1.75 au 26 x 1.95. Zile za mtumba kutoka Japani, za kikapu na breki za bendi, nyingi zina 26 x 1 3/8. Zote zinaanza na 26, na tairi ya moja haikai kwenye ringi ya nyingine hata fundi asukume vipi. Ubavuni mwa tairi kuna namba ndogo pia: 559 ni ya gia, 590 ni ya hiyo ya Kijapani. Mpe muuzaji namba hiyo na ubishi utakwisha.

Baada ya mwezi wa kwanza rudi kwa fundi hata kama huoni kasoro. Spoku mpya hulegea zikishazoea mzigo, waya za breki hurefuka, na nati za mikono ya pedali huachia. Baiskeli nyingi huharibika mwaka wa kwanza kwa kukosa kukazwa tu. Na kama utabadilisha pedali, kumbuka ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushia upande ambao kwingine kote tunakazia. Fundi mzoefu analijua hilo. Kijana anayejifunza anaweza kuivua nyuzi akilazimisha.

Swali lako la mwisho: hapana, si vibaya hata kidogo. Mwanamke aliyejinunulia chombo chake kwa fedha yake ana haki ya kukifurahia. Hizo taa za rangi za kwenye ringi weka ukipenda, mradi unajua ni pambo na hazishiki nafasi ya taa nyekundu ya nyuma. Shanga za plastiki kwenye spoku hazina madhara. Nyuzi na riboni zifungwe kwenye usukani, fupi, mbali na gurudumu. Kiti kishonee kava la kitenge lenye kamba ya kukaza kwa chini ili lisiteleze. Kwenye ule mpira wa digadi la nyuma andikisha jina au neno lolote linalokufurahisha. Na ukiamua kubadili rangi, fremu isuguliwe kwa msasa kwanza, rangi isiingie kwenye breki wala ringi, na namba iliyogongwa chini ya fremu, pale ekseli ya pedali inapopita, ifunikwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi isipakwe. Hiyo ndiyo itakayoonyesha polisi kwamba baiskeli ni yako. Inakili kwenye daftari, ibandike na risiti, kabla fundi hajafungua kopo la rangi.