Mwanga wa Ukumbini: Mafunzo Niliyopata Kandokando ya Uwanja wa Kikapu

Mpira wa kikapu ulizaliwa ndani ya nyumba. Mwaka 1891, mjini Springfield katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mwalimu James Naismith alitafuta mchezo wa kuwashughulisha wanafunzi wake wakati wa baridi, akatundika vikapu vya matunda kwenye roshani ya ukumbi wa mazoezi. Kwetu Afrika Mashariki mchezo huo umekulia zaidi nje, kwenye viwanja vya saruji vya shule, vyuo na makanisa, chini ya jua. Wapiga picha wengi wa huku, mimi nikiwamo, tulijifunzia kwenye jua hilo. Kisha fainali inahamishiwa ndani, na namba ulizozizoea miaka yote hazifai tena.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita nikiwa nimekaa sakafuni nyuma ya mstari wa goli, toka enzi za filamu hadi leo. Naandika haya kwa kijana mwenye kamera mkononi, anayeupenda mchezo, na anayetaka picha zake zitundikwe ukutani. Nililojifunza kubwa kuliko yote ni kwamba mwanga wa ukumbini ni mchache, lakini hauhami. Jua huingia mawinguni, hugeuka rangi, huzama. Taa ya darini iko palepale. Ukishaielewa kabla mpira wa kwanza haujarushwa, macho yako yote yanabaki kwa wachezaji.

1. Ukumbi unaoonekana mweupe ni giza

Mpiga picha mmoja wa magazeti aliyenitangulia kazini aliwahi kunipa kipima mwanga chake tukiwa katikati ya uwanja wa ndani. Ilikuwa saa nane mchana, taa zote zimewashwa, na mimi niliona peupe pe. Akaniambia nisome namba niikumbuke. Tukatoka hadi mlangoni, juani, nikasoma tena. Nilidhani kifaa kimeharibika. Tofauti ilikuwa zaidi ya mara mia mbili.

Jicho la binadamu hupanua mboni yake na kuzoea, halafu halikwambii kwamba limezoea. Kamera haina huruma hiyo. Nje, kwenye jua kali, ISO 100 na tundu la lenzi la f/4 hukupa kasi ya shata ya 1/1600 bila taabu. Ndani ya ukumbi wa kawaida, hesabu inayokaribia ukweli ni f/2.8, 1/500 na ISO 3200. Anza hapo, kisha rekebisha. Ukiingia ukumbini ukiwa na namba hizo kichwani, hutapoteza kipindi cha kwanza ukishangaa.

2. Pesa ya kwanza iende kwenye lenzi

Vijana wengi huniuliza wanunue kamera gani. Huwa nawauliza wana lenzi gani. Lenzi ndogo inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta mbele hadi mwisho, hufunguka f/5.6 tu. Lenzi ya milimita 50 au 85 yenye f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi ya hiyo, na ya 50 ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa dukani. Mara kumi! Hakuna kamera mpya itakayokupa faida ya namna hiyo kwa pesa hizo.

Ukikaa chini ya goli, milimita 50 inakutosha kwa mchezaji anayekuja kufunga. Milimita 85 inafika hadi kwenye mstari wa mitupo huru na kupita kidogo. Lenzi kubwa ya 70-200 yenye f/2.8 ni nzuri sana, na siku utakapoweza, nunua. Lakini usiisubiri ndipo uanze kazi. Jihadhari na jambo moja tu: kwenye f/1.8 eneo lililo kwenye fokasi ni jembamba mno, pua inaweza kuwa kali na sikio likawa na ukungu. Iwapo ISO inaruhusu, funga hadi f/2 au f/2.2.

3. Pima uso, usipime ukuta

Hili ndilo ninalolijali kuliko yote, kwa hiyo univumilie nikae hapa kidogo.

Palikuwa na mechi ya wasichana wa shule mbili, moja jezi nyeupe, nyingine buluu iliyokoza. Mwenzangu aliyekaa karibu nami alikuwa ameiacha kamera ijiamulie. Baadaye tuliangalia kazi yake pamoja. Kila aliposhambulia wa jezi nyeupe, picha ilikuwa na giza. Kila aliposhambulia wa buluu, picha iliungua. Taa hazikuwa zimebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni nguo iliyopita mbele ya kamera.

Kamera ikijiamulia, hukisia kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Sakafu ya mbao inayong'aa, ukuta mweupe na jezi nyeupe huifanya ipunguze mwanga, na anayeumia ni mchezaji mwenyewe, kwa sababu ngozi zetu ni nyeusi. Nimeona magazeti mengi ambamo nyuma ya mchezaji bango la tangazo linasomeka vizuri, lakini uso wake ni kivuli. Huo ni uonevu, hata kama hakuna aliyeukusudia. Mchezaji huyo amefanya mazoezi mwaka mzima. Anastahili jasho lake lionekane, na macho yake pia.

Kwa hiyo weka kamera kwenye hali ya mkono, shata, tundu na ISO uvipange wewe. Wachezaji wakipasha misuli moto, piga nyuso zao chini ya goli, katikati, na kwenye pembe mbili za mbali, maana pembe huwa na giza kuliko katikati katika kumbi nyingi. Kuza picha kwenye skrini uangalie shavu na paji la uso. Jezi nyeupe ikiungua kidogo begani, iungue. Ukishapata namba, zifunge na usiziguse mpaka mechi iishe, isipokuwa taa moja ikizimika. Hapo ndipo utaona uhuru niliousema: kichwa chako kimeachana na mwanga, kimebaki na mchezo.

4. Taa zinapepesa hata usipoziona

Kulikuwa na ukumbi ambao kila mfululizo wa picha niliopiga ulitoka na rangi tatu. Mchezaji yuleyule, mruko uleule, picha ya kwanza ya kawaida, ya pili imeingia umanjano, ya tatu imefifia. Aliyenielewesha hakuwa mpiga picha. Alikuwa fundi umeme wa ukumbi, akinieleza huku akikunja nyaya.

Umeme wetu wa Tanzania, kama wa Kenya na Uganda, una masafa ya 50 Hz, na katika kila mzunguko nguvu hufika kileleni mara mbili. Kwa hiyo taa za zamani, zile za mirija mirefu na zile kubwa za gesi zinazochukua dakika kadhaa kuwaka, hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho haliwezi kuona. Shata ya 1/500 hukata kipande kidogo tu cha mpepeso huo: mara kileleni, mara bondeni.

Ukitumia shata ya 1/100 mpepeso unatulia, lakini mchezaji atakuwa ametikisika. Dawa nzuri ni kamera yenye kipengele cha kusubiri taa ifike kileleni ndipo ipige. Canon walikiweka kipengele hicho kwenye EOS 7D Mark II mwaka 2014, na siku hizi kimeenea. Kitafute kwenye menyu yako ukiwashe. Usitumie shata ya kielektroniki kwenye taa za namna hiyo, maana huchora mistari ya giza kukata picha. Piga faili la RAW ili rangi irekebishike nyumbani. Bila kipengele hicho, piga fremu nyingi zaidi, kwa kuwa baadhi zitaangukia mahali pazuri.

Kumbi mpya zenye taa za LED zilizopangwa kwa ajili ya televisheni hazina tabu hii kwa kiwango hicho. Uwanja wa Kigali uliofunguliwa mwaka 2019, unaoitwa sasa BK Arena, una viti 10,000, na hapo ndipo msimu wa kwanza wa Basketball Africa League ulipochezwa mwezi Mei 2021. Jiandae kwa kumbi za namna hiyo, lakini jifunze kwenye zile za kwetu zenye taa ngumu. Anayeweza kupiga chini ya mirija inayopepesa hatahangaika Kigali.

5. Chenga husamehewa, kutikisika hakusamehewi

Enzi za filamu tulichukua Kodak Tri-X ya 400, tukaipiga kana kwamba ni 1600, kisha tukaiacha kwenye dawa muda mrefu zaidi. Picha zilitoka na chenga kubwa kama mchanga wa Kigamboni, na mhariri alizichapa bila neno. Aliyoikataa ni ile ambayo mkono wa mchezaji ulikuwa moshi. Kwa hiyo usiogope kupandisha ISO hadi 6400. Shuka chini ya 1/500 kwa sababu maalumu tu.

6. Saa ya mchezo ni kifaa chako cha pili

Kocha mmoja mzee alikaa nami mazoezini akaniuliza kwa nini nafuata mpira kwa kamera. Nikamjibu kwamba mpira ndio mchezo. Akasema mpira unadanganya, kiuno hakidanganyi. Mchezaji anaweza kutikisa kichwa, mabega na macho, lakini anakoelekea kiuno ndiko anakokwenda. Tangu siku hiyo fokasi yangu huanzia kifuani na kiunoni, na mpira hujileta wenyewe kwenye fremu.

Nilishangaa pia kugundua jinsi kanuni za mchezo zinavyomsaidia mpiga picha. Timu ina sekunde 24 za kurusha mpira. Saa ikionyesha 5 na bado hawajarusha, mtupo unakuja, na mara nyingi anayerusha amebanwa na hana mahali pa kwenda. Uso wa hapo una thamani. Vilevile, mruko una kilele: mwili ukifika juu kabisa, husimama kwa muda mfupi mno kabla ya kuanza kushuka. Ukibonyeza hapo, hata 1/320 inaweza kukutosha. Mitupo huru ndiyo nafasi ya picha za utulivu, kwa kuwa mchezaji yuko peke yake, amesimama, na ukumbi mzima unamtazama.

Kuhusu kukaa: kaa chini, nyuma ya mstari wa mwisho, mita chache pembeni mwa goli. Ringi iko mita 3.05 juu ya sakafu, na ukiitazama toka chini mrukaji anaonekana kwa urefu wake wa kweli. Wengi hutumia mkono wa kulia, kwa hiyo angalia wanapasha misuli wakielekea upande gani, ujipange nyuso zao zikuelekee. Kunja miguu. Begi liwe nyuma yako, kamwe lisiwe mbele. Mtu wa kilo 100 akija kasi na kuanguka kwenye mguu wako ulionyooshwa, ni yeye atakayevunjika kifundo. Na mwamuzi wa mstari huo ana haki ya kupita wakati wowote.

Usisahau benchi. Mpira ukiingia, geuza kamera kwa waliokaa.

7. Flashi iombewe ruhusa

Wapiga picha wa ligi kubwa za Marekani hufunga taa zao kubwa juu darini, mbali na macho ya wachezaji. Flashi ya kichwani mwa kamera, ikimulika usoni mwa mtoto anayerukia ringi, inaweza kumwangusha. Mimi siitumii mechi ikiendelea. Ukiona ni lazima, nenda kwa mwamuzi na makocha kabla ya mechi, na wakikataa, ikubali.

8. Picha isiyo na jina hupotea

Miaka mingi baada ya mashindano fulani, familia moja ilinitafuta. Walitaka picha ya ndugu yao aliyefariki, aliyewahi kucheza hapo. Niliipata kwa sababu moja tu: karatasi ya orodha ya timu niliipiga picha siku ileile, na namba ya jezi ilisomeka.

Zamani kanuni za FIBA ziliwapa wachezaji namba 4 hadi 15, hivyo kila timu ilikuwa na namba zilezile. Tangu mwaka 2014 zinaruhusiwa 0, 00 na 1 hadi 99, na kumtambua mtu kumekuwa rahisi, mradi uwe na orodha. Kabla ya mechi piga picha ya orodha hiyo. Mwisho wa kila robo piga ubao wa matokeo. Usiku huohuo andika majina, tarehe na ukumbi, kabla hujachagua hata picha moja nzuri.

Hujui ni nani unayempiga. Hasheem Thabeet naye alianza kama kijana wa Dar es Salaam tu, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA na kwenda Memphis Grizzlies. Kijana mwingine anacheza sasa hivi katika ukumbi wa shule wenye taa mbovu, na mara nyingi katika mechi za namna hiyo, hasa za wasichana na za chini ya miaka 18, hakuna kamera hata moja. Nenda huko. Omba ruhusa kwa walimu na wazazi, kaa chini, pima nyuso zao, na picha uwapelekee.