Shoka au Kinyago?

Jioni moja hapa Ukonga Mombasa, dogo mmoja wa jirani alinijia amekumbatia laptopu yake. Kwenye gemu ya Skyrim alikuwa amefika pale Clavicus Vile, mmoja wa miungu ya humo, anapomwambia mchezaji amuue mbwa Barbas kwa shoka alilolileta, kisha abaki nalo. "Kaka, nimuue au nimwache?"

Nilimwambia asevu kwanza, tena kwenye faili mpya, asiifute ile ya zamani. Betri yake imekufa, na umeme wa huku hauagi ukiondoka. Na gemu hii, iliyotoka mwaka 2011, ukishachagua haikurudishi nyuma.

Kisha nikamuuliza: mapambano yako matatu ya mwisho ulipiganaje? Akasema kwa upinde, amejificha. Basi shoka si lake. Namba yake inavutia, kweli, 22, na kila pigo linamchosha adui. Lakini ni la mikono miwili, linakwenda polepole, na yeye ujuzi huo hajaukuza hata kidogo. Mara yangu ya kwanza nilimuua yule mbwa kwa ajili ya namba tu, shoka likaishia kulala sandukuni. Mpaka leo linaniuma. Silaha kali utaifua mwenyewe kwa mhunzi. Kinyago unachopewa ukimwacha Barbas hai kinakufaa kwa asilimia 20 katika bei, ukinunua na ukiuza, na mtu anayeuza vitu vya mapangoni kila siku ataiona faida hiyo kila aingiapo dukani.

Kwa Hircine, mungu mwingine wa humo anayekuachia uchague pete au vazi la ngozi, uamuzi ni mwepesi: kama hujigeuzi mbwamwitu, pete yake haina kazi kwako. Chukua ngozi, inayokinga sumu kwa nusu na uchawi kwa asilimia 15.

Nyota ya Azura, kito cha kunasia roho za unaowaua ili utie silaha uchawi, ndiyo ya kufikiria sana. Kito cha roho cha kawaida ukikitumia mara moja kimekwisha. Nyota hujazwa tena na tena. Ukimpa kuhani Aranea inabaki safi, lakini haipokei roho za watu. Ukimpa mchawi Nelacar inageuka nyeusi na inazipokea. Sasa, roho ya mtu yeyote, hata jambazi dhaifu wa njiani, huhesabiwa kuwa ya daraja la juu kabisa. Kwa wanyama utalazimika kumwinda mamothi ili upate roho kama hiyo, na majambazi wamejaa kila pango. Anayetia uchawi kwenye silaha zake achukue nyeusi, nasema bila kusita. Ila Aranea, ukimpa yeye, hukubali kufuatana nawe, na ni mchawi mzuri. Mpiga upinde asiye na mwenzake anaweza kumhitaji kuliko kito chochote.

Ukiwa bado na shaka, ile faili uliyosevu ndiyo dawa. Chagua moja, nenda kapigane na majambazi wa pango moja, kisha rudi uchague ya pili na uingie pango lilelile.