Tarehe 6 Mei Ilivyogeuka 5 Juni

Tuseme umepewa daftari la mwaloni Mwamgongo, kaskazini mwa Gombe. Mwandishi ameandika 06/05/2024, yaani tarehe sita Mei, na hapo kijijini hakuna atakayebisha. Unaliingiza kwenye faili la CSV, unalisoma kwa pandas, ile maktaba ya Python inayobeba nusu ya miradi yetu ya mwaka wa mwisho. Usipoiambia kitu, pandas hutanguliza mwezi, kama Wamarekani. Unapata tarehe 5 Juni.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa hiyo mtumbwi ulioshusha dagaa siku tisa kabla ya kufungwa unasomeka kwenye jedwali lako umevua ndani ya marufuku. Nani atamtetea mwenye mtumbwi?

Kabla ya toleo 2.0, pandas ilibahatisha kila mstari peke yake. 06/05 ilikuwa Juni. Ikifika 14/05, kwa kuwa hakuna mwezi wa 14, iligeuza na kusoma 14 Mei. Safu moja, kanuni mbili, na kazi inaendelea! Toleo 2.0, la Aprili 2023, linachukua kanuni kutoka tarehe ya kwanza na kuitumia kwa zote. Likianza na 06/05, likifika 14/05 linagoma na kutoa kosa. Skripti zilizokuwa "zinafanya kazi" zikaanguka.

Mimi naona lilikuwa vunjo zuri, na kubadili namba ya kwanza ya toleo ndiyo njia ya kubisha hodi. Lakini halikumaliza tatizo. Safu yenye siku za 1 hadi 12 tu bado inapita kimyakimya. Na ukisoma tarehe kwa read_csv, hakuna kosa: safu inabaki maandishi matupu. Andika mwenyewe format="%d/%m/%Y", basi.

Wewe unayesafisha maktaba yako ya kusoma data, jina la fanksheni likibaki lilelile huku jibu likibadilika, umewavunjia watu. Kabla ya kugusa msimbo, hifadhi faili halisi na majibu yake sahihi, ziwemo siku zilizo chini ya 13 na zilizo juu, kisha linganisha kila ukibadilisha. Majibu hayo yatoke kwenye daftari lenyewe, si kwenye matokeo ya toleo la zamani.