Mnakuja Songea Wengi? Chukueni Nyumba, Si Lodge

Mko saba, mnakuja Songea kwenye harusi ya binamu, na mtakaa siku nne. Ukichukua lodge, unalipia vyumba vitatu au zaidi. Watoto wanalala mbali na mama yao. Chai ya asubuhi mnaifuata barabarani, na bibi anakaa kitandani mchana kutwa kwa sababu hakuna sebule. Chukua nyumba. Nyumba ya vyumba vitatu yenye fenicha, jiko na geti itawaweka wote pamoja, na kwa kundi kama hilo mara nyingi itakugharimu pungufu kuliko lodge.

Ila ujue unalipia nini. Lodge inakupa chumba pamoja na mtu wa mapokezi, mfua shuka, mlinzi na mtu wa kumpigia kelele maji yakikatika. Nyumba inakupa funguo. Kazi zote hizo zinahamia kwako, labda muwe mmekubaliana vingine na mwenye nyumba. Kwa hiyo kila kitu kimalizwe kwenye simu, kabla hela haijatoka.

Kwanza, jipime kama nyumba inakufaa. Uko peke yako, unalala usiku mmoja, kesho unaunganisha gari la Tunduru au Mbinga? Lala lodge, usijisumbue. Umekuja msibani? Utalala msibani kama wenzako, na nyumba utamtafutia mzee au mgonjwa asiyeweza kulala chini. Nyumba inalipa mkiwa watu wanne na zaidi, kuanzia usiku wa tatu.

Piga hesabu kwenye karatasi. Tuseme chumba cha lodge ni shilingi 35,000. Vyumba vitatu kwa siku nne ni 420,000. Nyumba ya 80,000 kwa siku ni 320,000. Hapo umeokoa laki moja, lakini usiishie hapo, maana akiba kubwa iko kwenye sufuria. Watu saba wakila mgahawani mchana na usiku ni sahani 14 kwa siku, sahani 56 kwa siku nne. Kwa 4,000 kila sahani, ni 224,000, bila chai na bila soda za watoto. Unga, maharage, mboga na kuku wawili watatu kutoka Soko Kuu haviwezi kufika huko. Bei weka za siku utakayopiga simu, hesabu ni ile ile.

Sasa chagua mtaa kwa shughuli iliyokuleta, si kwa uzuri wa picha. Kama una mgonjwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile ambayo wenyeji wanaiita HOMSO, tafuta katikati ya mji, mahali ambapo unaweza kupeleka uji kwa miguu. Kama unakuja na ndege, uwanja uko Ruhuwiko. Kama unakuja na basi, uliza nauli ya bajaji kutoka stendi ya Shule ya Tanga hadi getini, na uliza bei ya usiku, kwa sababu magari mengine yanaingia mji umeshalala.

Mwenye shughuli Peramiho afikirie mara mbili. Ni kama kilomita 24 kutoka mjini. Ukiwa na mgonjwa aliyelazwa Hospitali ya Mtakatifu Yosefu, kwenda na kurudi kila siku kunachosha na nauli inakula akiba yote. Tafuta malazi huko huko. Ukija kwa upadrisho au jubilei ya siku moja, kaa Songea uende asubuhi.

Halafu angalia kalenda. Tarehe 27 Februari ni kilele cha kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji, walionyongwa hapa mwaka 1906. Watu wanatoka kila upande kuja kwenye makumbusho ya Mahenge, hapa hapa mjini, na vyumba vinakuwa vya kugombea. Krismasi na Pasaka ni hivyo hivyo, wana wa Ruvuma wanarudi nyumbani. Msimu wa kununua mahindi nao unaleta wafanyabiashara na malori, na hao hukaa wiki nzima. Kwa siku hizo tafuta nyumba mwezi mzima kabla. Siku za kawaida wiki mbili zinatosha.

Utaipata wapi? Airbnb na Booking zitazame, lakini zisiwe mwisho wa msako wako. Nyumba nyingi za hapa zinapatikana kwa mdomo na kwa WhatsApp. Anza na watu wako. Piga kwa shemeji, kwa mwalimu uliyesoma naye, kwa katekista, kwa fundi aliyejenga kwenu. Sema wazi: watu wangapi, siku ngapi, mtaa gani, bajeti kiasi gani. Mtu akijua hayo manne atakujibu kwa jina la nyumba, hatakwambia "zipo nyingi".

Dalali naye ana kazi yake, ila mwekee mipaka. Kwa upangaji wa muda mrefu amezoea kudai kodi ya mwezi mzima. Kwa siku nne hilo halipo. Kubaliana naye kiasi cha shilingi kabisa, na umlipe ukishashika funguo. Akidai hela ya kukuonyesha nyumba wakati wewe uko Dar es Salaam, achana naye.

Picha usiziamini peke yake. Picha ya sebule moja inaweza kuzunguka kwenye magrupu kumi. Omba mwenye nyumba akupigie simu ya video akiwa ndani, na yeye ndiye atembee: kutoka getini, sebuleni, jikoni, chooni. Mwambie afungue bomba. Mwambie awashe taa. Mwambie atoke nje akuonyeshe barabara. Mwenye nyumba wa kweli atafanya hivyo kwa dakika tano. Bora zaidi, mtume ndugu aliyeko Songea aende kwa macho yake, na umlipie bodaboda.

Maji ndiyo swali la kwanza. Bomba la SOUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, wengi wanalo, ila siku likikata, watu saba hamtamaliza hata nusu siku na ndoo mbili. Uliza kama kuna simtanki, ni la lita ngapi, na kama limeunganishwa mpaka chooni au liko uani tu kwa kuchota. Majibu hayo mawili yana tofauti kubwa saa kumi na moja alfajiri, wote mnataka kuoga muwahi kanisani.

Umeme: uliza LUKU inajazwa na nani. Kama ni wewe, chukua namba ya mita mapema, uinunulie kwa simu kabla hujafika. Uliza pia kama mita ni ya nyumba hiyo peke yake au mnachangia na wapangaji wa uani. Na jambo ambalo wengi hawalifikirii: tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Mwenye nyumba asiponunua umeme miezi kadhaa, deni linasubiri mtu wa kwanza kununua, na mtu huyo anaweza kuwa wewe. Ukiona uniti zimekuja pungufu, hifadhi ujumbe wa tokeni na umwonyeshe akurudishie. Mwambie hivyo tangu mwanzo, kwa upole, na hakutakuwa na ugomvi.

Jikoni usiulize "kuna vyombo?" Atakujibu vipo. Uliza sufuria kubwa kuliko zote inapika ugali wa watu wangapi. Uliza sahani ngapi, vikombe vingapi, mwiko, kisu kinachokata. Uliza gesi: mtungi una gesi, au utaukuta mtupu? Kama kuna jiko la mkaa, hakikisha kuna mahali pa kupikia nje penye paa, kwa sababu mvua za hapa zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Miezi hiyo hiyo uliza pia hali ya njia ya kufika getini. Gari dogo linaweza kukwama kwenye tope hatua chache kutoka kwenye lami.

Baridi wageni wa pwani huwa wanaidharau. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku ni wa blanketi, siyo shuka. Uliza mablanketi mangapi yapo. Uliza kama kuna hita ya kuogea. Kama haipo, weka hesabu ya gesi ya kuchemsha maji ya watoto na wazee. Neti nazo usiache. Mji una ubaridi, lakini malaria ipo.

Sasa hela. Lipa nusu kwanza, nusu ukishaingia na kuona. Kabla ya kubonyeza namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama umeongea na mama mwenye nyumba na jina linalotokea ni la kijana usiyemjua, simama, mpigie tena. Ukiambiwa "namba imebadilika, tuma kwenye hii nyingine", usitume. Ujumbe huo wa matapeli nchi nzima inaujua.

Makubaliano yaandike kwenye ujumbe mmoja mfupi, umtumie, na yeye ajibu "sawa". Tarehe ya kuingia na kutoka, bei ya jumla, kiasi kilicholipwa, LUKU ya nani, usafi wa nani, na hela itarudi kiasi gani safari ikivunjika. Mistari sita. Inawalinda wote wawili.

Ukifika, kabla hujashusha mizigo, zunguka na simu ukirekodi video. Kiti kilichovunjika, kioo chenye ufa, godoro lenye doa. Mtumie mwenye nyumba hapo hapo. Kisha umwombe akutambulishe kwa jirani na kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Lodge ina daftari la wageni. Mtaani, daftari ni macho ya watu. Sura saba ngeni zikiingia usiku bila taarifa, watu wana haki ya kuuliza. Dakika mbili za shikamoo zinakupa ulinzi zaidi kuliko kufuli. Na kama mnapanga kupiga muziki wa harusi hapo nyumbani, sema mapema. Nyumba ya kulala si ukumbi.

Nimeacha jambo zito mpaka hapa makusudi, kwa sababu linaharibu safari nyingi kuliko maji na umeme. Ni ndugu. Una shangazi Bombambili au baba mdogo Lizaboni, na wewe unakuja mjini kwake unapanga nyumba ya watu. Akisikia kutoka kwa mwingine, ataumia, na ana sababu. Mpigie mwenyewe, kabla hujalipa. Sema: "Shikamoo shangazi. Tunakuja na watoto, tuko saba, hatutaki kukutoa kitandani kwako. Tumepata nyumba Mfaranyaki, na asubuhi ya kwanza tunaanzia kwako kukuamkia." Kisha fanya ulivyosema. Nenda na sukari, mchele, sabuni. Mpe siku moja ya kuja kula kwenu, na mkaribishe jikoni, aonje, aseme mboga imezidi chumvi. Akishakaa kwenye kile kiti cha sebuleni, nyumba imekuwa ya ukoo. Kwa hiyo mwambie mwenye nyumba mapema kwamba mchana mtapokea wageni, na wanaolala ni saba tu. Wenye nyumba hawapendi kushtukizwa, na hawakatai wakiambiwa.

Jikoni gawaneni zamu siku ya kwanza, wanaume wamo. La sivyo dada mmoja atapika siku nne na harusi ataisikia kwa wenzake. Au mtafute mama wa mtaani apike na kufua kwa malipo ya siku. Mwenye nyumba kwa kawaida anamjua mmoja. Mlipe vizuri na kwa wakati.

Mkipata siku ya ziada, lami inafika hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Pitieni Mbinga mnunue kahawa, ziwani mnunue mbasa au dagaa, mrudi kupika kwenye jiko lenu. Muondoke alfajiri, kona za milimani huko si za kukimbilia giza.

Siku ya kuondoka, fagia, osha vyombo, toa takataka, hesabu mashuka mbele ya mwenye nyumba, mkabidhi funguo mkononi. Muulize deni lolote akiwa mbele yako, siyo kwenye simu mkiwa Makambako. Na namba yake usiifute: mgeni aliyeacha nyumba safi ndiye anayepigiwa kwanza Februari, vyumba vinapokuwa haba.