Nyumba ya Watoto

Katika mji wa Roma, nchi ya Italia, pana mtaa uitwao San Lorenzo. Mwaka 1907 wakazi wake walikuwa maskini mno. Wazazi walikwenda kazini, na watoto ambao hawajafikia umri wa shule waliachwa peke yao, wakicheza ngazini na kuchafua kuta. Wenye majumba walichoshwa na uharibifu huo. Wakatenga chumba kimoja, wakampa Bibi Maria Montessori, aliyekuwa daktari, awaangalie watoto hao. Chumba kilifunguliwa tarehe 6 Januari, kikaitwa Nyumba ya Watoto. Mzazi hakulipa kitu, ila alipaswa kumleta mtoto safi, mwili na nguo, na kila juma mama aende kuzungumza na mwalimu.

Vyombo vya kujifunzia viliwekwa katika kabati lenye ufunguo, na mwalimu ndiye aliyevigawa. Hata siku moja akasahau kulifunga. Alipofika, akawakuta watoto wamelifungua, na kila mmoja anachukua chombo akitakacho. Mwalimu alidhani ni tabia ya wizi, akaona wanastahili kukemewa. Lakini Bibi Montessori alifahamu vingine: watoto wamekwisha kuvizoea vyombo, nao waweza kujichagulia kazi. Baadaye yakawekwa makabati mafupi, ambayo hata mtoto mdogo aliweza kuyafikia.

Akina mama nao walikuwa na haja yao. Wengi wao hawakujua kusoma, wakaja kumsihi Bibi awafundishe watoto wao kusoma na kuandika. Bibi alisita, maana aliwaona wangali wadogo mno. Mwisho akakubali. Zikakatwa herufi za msasa, zikabandikwa juu ya karatasi ngumu. Watoto wakazipapasa kwa vidole, huku wakitamka sauti zake.

Siku moja ya Desemba watoto walikuwa juu ya paa la nyumba pamoja na Bibi. Alimpa mtoto wa miaka kama mitano kipande cha chaki, akamwambia achore dohani. Mtoto akachora vema. Kisha akapiga magoti tena, akaandika neno la Kiitaliano ambalo maana yake ni "mkono", akapaza sauti kwa furaha kwamba anajua kuandika! Wenzake wakaja mbio kumzunguka. Wala hapakuwa na mtu aliyemwamuru kuandika.

Basi mama aliona darasani mna herufi alizozikosa yeye mwenyewe. Mwalimu aliona ni mahali pa utii. Mtoto aliona ni mahali pa kazi yake. Hakuna aliyekosa kabisa, wala hakuna aliyeona yote. Lakini mwalimu na mzazi walipokubali kumtazama mtoto akitenda, ndipo walipojua anayoyaweza.

Maswali
1. Kwa nini mwalimu alidhani watoto ni wezi?
2. Akina mama waliomba nini, na kwa sababu gani?
3. Wewe, wazazi wako na mwalimu wako mnaonaje kazi ya darasani?