SOMO LA TAWI: HISA SI USUKANI



Kiwandani na shambani tunasikia mara nyingi, "Mwekezaji anakuja." Wengine hushangilia, wengine huanza kufunga mizigo. Sisi wa chama tunaulizwa, "Je, kazi zetu zitabaki?" Ili tujibu bila kubahatisha, leo tutazame kampuni za simu za Uganda na Tanzania, zilizopita njia hiyo kabla yetu.

Kwa nini ziliuzwa?

Zamani simu na posta vilikuwa chini ya shirika moja la serikali. Fedha za kuvuta nyaya zilikuwa chache, na mwombaji wa simu aliweza kungoja miaka. Katika miaka ya 1990 serikali zetu ziliamua kuingiza mitaji ya watu binafsi. Tanzania ilitenga simu na posta mwaka 1994, ikapatikana TTCL. Hapa Uganda sheria ya mwaka 1997 ililigawa shirika letu, ikapatikana Uganda Telecom.

Tuseme kweli: mitaji ilileta simu. Minara ilisimama hadi vijijini, na leo wengi wetu tunatuma ada za watoto kwa simu ya mkononi. Kwa hiyo tusipoteze muda kubishana kama mtaji ni mzuri au mbaya. Tuulize mkataba umeandikwaje.

Fundisho la kwanza: Hisa si usukani

Tuchukue lori la kubeba majani ya chai, tuligawe sehemu 100. Wewe una 65, mwenzako ana 35. Lori ni lako zaidi. Lakini mkikubaliana funguo na daftari vikae kwake, yeye ndiye ataamua lori liende wapi na dereva awe nani.

Ndivyo ilivyokuwa TTCL mwaka 2001. MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani zilinunua hisa 35 katika kila 100. Serikali ilibaki na 65, lakini uendeshaji ulikabidhiwa wanunuzi.

Fundisho la pili: Bei si fedha mkononi

Bei iliyotangazwa ya hisa hizo ilikuwa dola milioni 120. Zilizolipwa kwanza ni milioni 60. Zilizobaki zilizua ubishi juu ya hesabu za kampuni, ukaendelea kwa miaka. Anayesoma gazeti siku ya kutia sahihi huona milioni 120. Sisi tujifunze kuuliza zimeingia ngapi.

Fundisho la tatu: Aliyenunua naye huuza

Hisa za TTCL zilipita mikono kadhaa hadi zikafika kwa Bharti Airtel ya India. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilizinunua tena.

Uganda Telecom nayo iliuzwa hisa 51 katika kila 100 mwaka 2000, kwa dola milioni 33.5. Mwaka 2007 usukani ulikwenda kwa LAP Green ya Libya. Mwaka 2011 vita vikaingia Libya, na Umoja wa Mataifa ukawekea vikwazo mali za nchi hiyo. Mwaka 2017 Walibya walijitoa, serikali ikaichukua kampuni, na mwaka huohuo ikawekwa chini ya msimamizi wa mufilisi. Mfanyakazi wa Kampala hakuwa na ugomvi na mtu wa Tripoli, lakini kazi yake ilikuwa imefungwa kwenye kamba iliyoshikwa huko.

Yaliyotupata sisi

Tusiwacheke wenzetu wa simu. Katika kiwanda kimoja tulimpokea mwenye mali mpya kwa ngoma. Tulipodai kiinua mgongo cha miaka ya nyuma, akasema, "Kadaini kwa aliyeuza." Aliyeuza akasema, "Kadaini kwa aliyenunua." Hatukuwa na karatasi hata moja ya kuwaonyesha. Wazee wawili waliotumika tangu ujana walirudi kijijini na nauli tu. Siku hiyo tulijua kwamba ngoma tuliicheza mapema.

Tufanye nini?

Habari ya kuuzwa ikisikika, tawi lisingoje tangazo ubaoni. Liandike barua na kudai majibu ya maandishi:

1. Fedha ngapi zinalipwa siku ya kwanza, na zilizobaki lini?
2. Nani atakuwa na uendeshaji, hata kama hisa zake ni chache?
3. Mkataba wetu wa chama utamfunga mwajiri mpya?
4. Miaka yetu ya kazi itahesabiwa tangu siku tuliyoajiriwa, au tangu siku ya kuuzwa?
5. Kiinua mgongo na malimbikizo atalipa nani?

Na kila mmoja atunze barua yake ya ajira na hati za mshahara, aombe pia taarifa ya akiba yake ya uzeeni. Kumbukumbu isiyoandikwa haimshindi wakili wa mwajiri.

Sisi hatukusoma sana, lakini kugawa mia moja tunajua. Tuitumie hesabu hiyo kabla ya sahihi kutiwa, kwa sauti moja ya chama.

Maswali ya kujadili tawini

(a) Kampuni yetu ni ya nani, na nani anaiendesha?
(b) Ikiuzwa kesho, ni karatasi gani tunayo mkononi leo?
(c) Nani katika tawi letu atazitunza nakala?